Juu ya neno «constant» la Waingereza: nyota na mashua

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayotudanganya sisi watu wa Kongo, neno «constant» ni moja la mbele. Linatudanganya kwa sababu tunadhani tunalijua. Tumelikuta kwanza katika Kifransa, ambako linaandikwa vilevile. Tumelikuta katika Kilatini, ambako ni «constans». Tena tunalisikia kila siku kama jina la ubatizo, maana katika parokia zetu ni shida kukosa kijana aitwaye Constant au Constantin. Basi mseminari akilikuta katika kitabu cha Kiingereza hafungui kamusi. Anaandika mara moja «kisichobadilika», na anaendelea na mstari unaofuata.

Kosa hilo si dogo. Neno hili linagusa mambo matatu yaliyo mbalimbali: uaminifu wa mtu, hali ya vitu, na sifa ya Mungu mwenyewe. Mhubiri anayeyachanganya anaweza kuwaonyesha Wakristu Mungu aliye kama jiwe, na kuwasifia mtu mkaidi kana kwamba ni mtakatifu. Tutazame basi neno limetoka wapi, Waingereza wanalitumia namna gani, na washairi wao wawili wakubwa, Chaucer na Shakespeare, wamelipima namna gani. Kisha tutarudi kwa Kiswahili chetu.

I. Mzizi na matawi

Mzizi wake ni Kilatini: «stare», kusimama, na mbele yake «con», pamoja. Kwa asili, basi, ni kusimama pamoja, kusimama bila kuachana. Neno liliingia Uingereza kwa njia ya Kifransa, na katika karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia tayari. Leo lina matawi manne.

Tawi la kwanza, na la zamani zaidi, ni la mtu. Mtu «constant» ni yule asiyeacha rafiki wala imani wala kazi aliyoahidi. Ni kama methali yetu inavyosema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tawi la pili ni la kitu: joto la chumba lisilopanda wala kushuka, mwendo wa gari usiozidi wala kupungua.

Tawi la tatu ni la jambo linalorudi bila kukoma. Hapa wafasiri wengi wanaanguka. Mwingereza akilalamika juu ya mvua «constant», hasemi kwamba mvua haibadiliki. Anasema kwamba inanyesha kila mara, hata amechoka nayo. Anaweza kusema pia mabadiliko «constant», na maneno hayo hayapingani hata kidogo: maana yake ni kwamba mambo yanabadilika pasipo kupumzika. Mfasiri akiandika «mabadiliko yasiyobadilika», msomaji atacheka, na atakuwa na haki.

Tawi la nne ni la wenye hesabu na fizika. Kwao neno ni jina la kadiri iliyo moja mahali pote. Pima mzunguko wa sufuria, ugawe kwa upana wake. Pima gurudumu la baiskeli, fanya vilevile: utapata kila mara 3.14 na kitu. Mwendo wa mwanga penye utupu ni wa namna hiyo: tangu mwaka 1983 wataalamu wamekubaliana kwamba ni meta 299,792,458 kwa sekunde moja, na kutoka hesabu hiyo meta yenyewe inapata kipimo chake.

Kilo nayo ina mambo ya kutufundisha. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platini na iridi, kilichofungiwa kwa uangalifu mkubwa kule Sèvres, karibu na Paris. Nakala zake zilipelekwa katika nchi nyingi. Lakini walipozilinganisha tena na ile ya Sèvres, waliona kwamba katika muda wa miaka kama mia nakala nyingi zilikuwa zimeachana nayo kadiri ya sehemu 50 za milioni moja ya gramu. Nani aliyebadilika, nakala au mama yao? Hapakuwa na njia ya kuhukumu, kwa kuwa mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mizani. Ndiyo maana tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haishiki tena kipande cha chuma. Inashika hesabu moja ya fizika iitwayo kwa jina la Planck. Hata chuma kilichofungiwa kabatini, basi, hakikuweza kuwa «constant» namna walivyotumaini.

II. Mwanamke ndani ya mashua

Geoffrey Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, ameandika hadithi nyingi zinazosimuliwa na wahaji wanaokwenda Canterbury. Moja, ile ya mwanasheria, ina msichana aitwaye Custance. Ni jina letu lilelile katika sauti ya Kiingereza cha zamani.

Custance ni binti wa mfalme mkuu wa Roma. Anaozwa kwa sultani wa Siria, ambaye amekubali ubatizo. Mama wa sultani anakasirika, anawaua Wakristu penye karamu, na anamtia Custance katika mashua isiyo na usukani. Anapelekwa na mawimbi miaka, mpaka anafika kaskazini ya Uingereza. Pale anaolewa na mfalme Alla. Mama mkwe huyu naye anageuza barua kwa hila, na Custance anatupwa baharini mara ya pili, sasa pamoja na mtoto wake mchanga. Mwisho anarudi Roma, na mume wake anamkuta huko.

Wasomaji wa leo wanasema mara nyingi kwamba hadithi hii haina nguvu, kwa sababu Custance hafanyi kitu: anapelekwa tu. Mimi naona kinyume. Chaucer amechagua kwa makusudi mtu anayetikiswa kuliko wote, amempa jina la uthabiti, na amemnyang'anya usukani. Nchi inabadilika, lugha inabadilika, mume anabadilika, mama wakwe wawili wanamgeuka. Yeye haongozi hata mashua yake. Anachoshika ni sala yake tu, na mtoto mikononi. Kwa Chaucer, kuwa «constant» hakuna maana ya kukaa mahali pamoja. Wavuvi wa Tanganyika wanajua tofauti kati ya mashua inayotikiswa na mashua iliyopotea.

III. Mtu anayejiita nyota

Miaka mia mbili baadaye tunamkuta Shakespeare. Mchezo wake juu ya Julius Caesar ulichezwa London mwaka 1599 na ulipigwa chapa mwaka 1623, katika kitabu kikubwa kilichokusanya michezo yake baada ya kufa kwake. Kiswahili kinaujua vizuri: Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania na Mkatoliki, aliufasiri, tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la «Juliasi Kaizari».

Anayesoma mchezo huu kwa Kiingereza, na kuweka alama kila mara anapokutana na neno letu, anaona jambo la ajabu: karibu kila mmoja analidai kwa ajili yake, na karibu kila mmoja linamponyoka.

Wa kwanza ni Portia, mke wa Brutus. Anataka mume wake amfunulie siri, na ili aonyeshe kwamba ana uthabiti anajijeruhi paja kwa hiari. Brutus anakubali. Lakini asubuhi, siri ikiwa moyoni mwake, Portia hawezi kusimama mahali pamoja: anamtuma kijana mbio kwenda kwenye baraza la wazee bila kumwambia akafanye nini huko, na anaomba uthabiti umsaidie. Baadaye tunasikia kwamba amekufa kwa kumeza moto. Aliweza kuvumilia kisu, kungoja hakuweza.

Wa pili ni Brutus mwenyewe. Usiku anawaonya wenzake waliokula njama wavae uso wa furaha, wawe na uthabiti kama ule wa wachezaji wa teatri wa Roma. Tupime maneno hayo. Uthabiti anaowaagiza ni wa barakoa. Kesho yake, wakati mtu mmoja anaposogea kusema na Kaisari na Cassius anaanza kutetemeka, Brutus anamwambia tena awe thabiti, maana uso wa Kaisari haujabadilika. Neno lililokuwa la rafiki mwaminifu sasa ni agizo la mtu anayekwenda kumwua rafiki yake.

Wa tatu ni Kaisari. Metellus Cimber anapiga magoti na kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa mjini. Brutus na Cassius wanaomba pamoja naye. Kaisari anajibu kwamba yeye ni thabiti kama nyota ya kaskazini, ambayo kati ya nyota zote ni peke yake isiyoondoka mahali pake. Basi aliyefukuzwa atabaki amefukuzwa. Kufumba na kufumbua, visu vinamwangukia.

Wachambuzi husema kwamba hapa tunaona kiburi cha Kaisari, na ni kweli. Lakini Shakespeare ameweka zaidi ya kiburi. Asubuhi ileile, nyumbani, mke wake Calpurnia alimsihi asitoke juu ya ndoto mbaya. Kaisari alikataa, kisha akakubali kubaki. Decius akaja, akaifasiri ndoto kwa namna ya kumpendeza, na Kaisari akatoka. Kumbe nyota hii imegeuka mara mbili kabla ya saa ya baraza! Iligeuka mbele ya anayeisifu. Inakataa kugeuka mbele ya anayeiomba huruma. Ni hapo penye ubaya wa mtu huyu. Mtakatifu Toma wa Akwino ana jina kwa kilema hicho. Katika Summa anafundisha kwamba uthabiti ni fadhila ya kudumu katika jambo jema hata likiwa gumu. Lakini mtu anayeshika shauri lake mwenyewe kupita kadiri ni mkaidi. Kwa macho mtu thabiti na mtu mkaidi wanafanana. Tofauti ni kile wanachoshika.

Mfano wenyewe wa nyota una kasoro mbili zinazotupasa kuzijua sisi wa upande huu wa dunia. Ya kwanza: nyota tunayoiita leo ya kaskazini, katika mwaka 44 kabla ya Kristu, Kaisari alipouawa, ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa zaidi ya digrii 10. Ncha hiyo inazunguka polepole, na mzunguko mmoja ni kama miaka 26,000. Kaisari anajivuna kwa nyota ambayo, kwa siku zake, haikukaa pale. Ya pili: nyota hiyo haionekani kwa watu walio kusini ya ikweta. Mtu wa Bukavu, wa Kalemie, wa Moba au wa Lubumbashi haioni hata usiku mmoja wa maisha yake. Wala mtu wa Dodoma haioni. Kila anayeleta mfano huu katika Kiswahili anawaletea wasomaji wake nyota wasiyoijua. Mwalimu wa seminari anayefundisha mchezo huu aanze kueleza hilo, ama sivyo darasa zima litapita juu ya ufunguo wa mchezo bila kuuona.

Tena Shakespeare hakuitumia nyota kwa Kaisari tu. Katika soneti yake ya 116, iliyotolewa mwaka 1609, anaufananisha upendo usiogeuka na nyota inayoongoza mashua iliyopotea njia. Tuziweke nyota hizo mbili pamoja. Kaisari anasema nyota akijitazama mwenyewe, ili amfukuze anayepiga magoti. Soneti inasema nyota ikiitazama mashua. Ile ya kwanza imesimama kwa ajili yake yenyewe. Hii ya pili imesimama ili mwingine afike. Wakristu wanaomwita Maria Nyota ya Bahari hawahitaji maelezo marefu hapa.

IV. Kiswahili chetu kinasema nini?

Tumerudi kwetu. Tuna maneno mengi: thabiti, imara, mwaminifu, -a kudumu, -a siku zote, bila kukoma. Tuna «kubadilika», na tuna «kugeuka». Wengi wanayatumia haya mawili kana kwamba ni moja. Si moja. Kubadilika ni kwa kitu chochote: bei inabadilika, rangi inabadilika. Lakini kugeuka kunahusu mara nyingi uso na mgongo. Tunasema: rafiki yangu amenigeuka, yaani alikuwa amenitazama, sasa amenipa mgongo. Na mtu asiye na msimamo tunamwita kigeugeu.

Hapo Kiswahili kinaleta nuru ambayo Kiingereza kimeipoteza kidogo. Mwingereza ana neno moja kwa rafiki na kwa hesabu ya sufuria. Sisi tunaweza kuyatenga: hesabu haibadiliki; rafiki hageuki.

Basi, Mungu je? Konsilio ya nne ya Laterano mwaka 1215, na Konsilio ya kwanza ya Vatikano mwaka 1870, zimefundisha wazi kwamba Mungu hawezi kubadilika. Hilo ni fundisho la imani, wala hatuna ruhusa ya kulilegeza. Lakini katekista yeyote anajua swali linalofuata. Mama mwenye mtoto mgonjwa anauliza: kama Mungu habadiliki, ninamwomba kwa nini? Tukimjibu kwa Mungu wa jiwe, mama huyo ataondoka, na hatarudi. Amemwona Kaisari, hakumwona Baba.

Mtakatifu Toma anajibu mara mbili. Kwanza, jiwe halibadiliki kwa sababu halina uzima. Mungu habadiliki kwa sababu uzima wake umejaa, hakuna kinachopungua wala cha kuongezewa. Pili, hatusali ili tubadilishe shauri la Mungu. Tunasali ili tupate yale ambayo Mungu tangu milele ametaka kutupa kwa njia ya sala. Sala ya mama yule imo tayari katika shauri hilo. Haigongi mlango uliofungwa.

Maandiko yenyewe yanafuata njia hiyo. Nabii Malaki, katika sura ya 3, anasema kwamba Bwana habadiliki, na papo hapo anataja faida yake: wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya barua yake, anasema kwamba kwa Mungu hakuna kivuli cha kugeuka, mara tu baada ya kusema kwamba kila kipaji chema kinashuka kutoka kwake. Pote pawili, kutobadilika kwa Mungu ni habari njema kwa mtu fulani. Kaisari hasimami kwa ajili ya mtu. Mungu amesimama kwa ajili yetu.

V. Je, anayebadilika si thabiti?

Kuna shaka moja ya mwisho. John Henry Newman alikuwa padri wa Kianglikana aliyesifiwa sana Oxford. Mwaka 1845 aliingia Eklezia Katolika, akapoteza marafiki wengi na cheo chake. Mwaka uleule alitoa kitabu chake juu ya kukua kwa mafundisho ya imani, ambamo anaonyesha kwamba fundisho lililo hai linakua kama mwili wa mtu: mtoto na mzee ni mtu yuleyule, ingawa sura si ileile. Watu walimwita kigeugeu. Eklezia imehukumu namna nyingine: alifanywa kardinali mwaka 1879, mtakatifu mwaka 2019, na mwalimu wa Eklezia mwaka 2025. Alibadilisha nyumba ili asiugeuke ukweli. Custance angemwelewa.

Nasi tuna mashahidi wetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, waliuawa Baraka na Fizi Padri Luigi Carrara, Frère Vittorio Faccin, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Eklezia iliwatangaza kuwa wenye heri kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Frère Vittorio alipokwisha kupigwa risasi, Padri Luigi aliamriwa kupanda gari. Alikataa: alichagua kufa palepale, karibu na ndugu yake. Turudi sasa kwa mzizi wa neno: kusimama pamoja. Sijui mfano ulio karibu nao zaidi.

Basi, kwa wanaofasiri na kuhubiri, nashauri hivi. Mkikuta «constant», ulizeni kwanza ni ya nani. Ikiwa ya hesabu au ya kitu, andikeni bila hofu «isiyobadilika». Ikiwa ya mvua, ya kelele au ya ugomvi, andikeni «ya kila mara» au «bila kukoma». Ikiwa ya mtu, andikeni «thabiti» au «mwaminifu», na mtazame anashika nini, maana wauaji wa Kaisari nao walikuwa thabiti wa uso. Ikiwa ya Mungu, fundisheni kwamba habadiliki, kama Eklezia inavyofundisha, na ongezeni palepale kwamba hatugeuki. Na wazazi wakileta mtoto abatizwe Constant, waelezeni kwamba wamempa jina la kazi: atakuwa na watu wa kusimama pamoja nao.